Jina la Mahali Katika Chupa

Jioni moja huko Gatete, upande wa Rumonge, nilialikwa chakula nyumbani kwa askari polisi mmoja. Mezani paliwekwa sahani ya mikeke iliyokaangwa kwa mawese, ugali wa muhogo, gudulia la urwarwa, na katikati ya vyote hivyo, kama mgeni asiyejua lugha ya wenyeji, chupa moja ya mvinyo mwekundu kutoka Ufaransa. Chupa hiyo ililetwa na mdogo wake mwenye nyumba, ambaye ni mwanajeshi. Alikuwa amezawadiwa huko Bujumbura katika arusi ya mkubwa wake wa kazi, na kwa kuwa hakujua aifanyie nini, akaifikisha kwa kaka yake. Huko nako ilikaa juu ya kabati, chini ya bati, muda wa miezi minane.

Mama mwenye nyumba aliizungusha chupa mikononi, akasoma neno lililoandikwa kwa herufi kubwa kuliko mengine, akauliza, “Shemeji, huyu Bordeaux ni nani? Ndiye mwenye kiwanda?”

Nikamjibu kwamba Bordeaux si mtu wala si kiwanda, bali ni mji, tena mji wa bandari, na kwamba jina lile lasema zabibu zilikolimwa.

Alinyamaza kidogo. “Yaani ni kama mtu aandike Rumonge juu ya dumu la mawese?”

Ndiyo, ni hivyo hasa.

“Basi mbona huku kila muuzaji husema Rumonge,” akasema, “hata mafuta yakiwa yamevuka ziwa jana usiku?”

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike. Najua kwamba wengi wa wasomaji wetu hawaonji kileo kwa sababu ya dini yao, na wengine kwa sababu ya afya au ya mfuko. Makala haya hayamshawishi mtu kunywa. Yahusu namna taifa moja lilivyopigana, pengine kwa risasi, ili jina la ardhi ya mkulima lisiibwe na mfanyabiashara. Na jambo hilo lamhusu kila mwenye shamba la michikichi, awe mnywaji au asiwe.

Tuanze na chupa yenyewe. Katika nchi nyingi mpya za mvinyo chupa hutaja aina ya mzabibu. Mfaransa, kwa desturi, hutaja mahali. Hudhani kwamba ukishajua mahali, utajua na mengine yote: aina ya zabibu, rangi, ukali, hata chakula cha kuandalia. Wana neno moja, terroir, ambalo hukusanya udongo, mteremko, jua, mvua na mazoea ya watu wa mahali pale, yote kwa pamoja. Hatuna neno moja la kulitafsiri, lakini maana yake mtu wa Gatete anaijua bila kufundishwa. Anajua kwamba mchikichi wastawi katika tambarare ya Imbo, karibu na ziwa, kwenye joto na unyevu. Na kwamba akipanda milima ya Mumirwa iliyo nyuma yake, michikichi hupungua na migomba hutawala, na akizidi kupanda hukuta majani ya chai. Mwendo wa saa chache tu kwa miguu hubadilisha mazao yote. Mfaransa naye hupanda mlima wake hivyo hivyo, ila yeye amegawanya mteremko hatua kwa hatua na kila hatua akaipa jina.

Bordeaux iko kusini-magharibi, mahali mito ya Garonne na Dordogne inapokutana kabla ya kuingia baharini. Mvinyo wake mwekundu karibu daima ni mchanganyiko wa zabibu za aina mbili au zaidi. Upande wa kushoto wa maji, katika wilaya ya Médoc, ardhi ni changarawe. Changarawe hupitisha maji upesi na kuhifadhi joto la mchana, nayo humfaa mzabibu uitwao Cabernet Sauvignon, ambao hukawia kuiva. Upande wa kulia, Saint-Émilion na Pomerol, udongo wa mfinyanzi ni mwingi, na hapo mzabibu uitwao Merlot, ulio mlaini zaidi, ndio unaotawala. Mvinyo wa Médoc ukiwa mchanga una ukakasi. Mtu asiyejua ukakasi na aume ndizi mbichi: ule ulimi kukauka na mashavu kuvutana ndio huo. Ukakasi huo hutoka katika maganda na kokwa za zabibu, nao hupungua mvinyo ukikaa miaka mingi. Ndiyo maana watu wa huko huunywa pamoja na nyama yenye mafuta, kwa kuwa mafuta hupoza ukakasi. Pamoja na samaki hauelewani sana. Mara nyingi huacha ladha kama ya chuma mdomoni. Hapo mezani Gatete, basi, mikeke na chupa vilikuwa vimekutana kwa bahati mbaya.

Umaarufu wa Bordeaux ulitokana na bandari. Mwaka 1152 Eleanor, aliyekuwa mwenye jimbo la Aquitaine, aliolewa na Henry, ambaye miaka miwili baadaye alikuwa mfalme wa Uingereza, na kwa miaka mia tatu hivi mvinyo wa Bordeaux ulipelekwa London kama mali ya nyumbani. Mwaka 1855, kwa ajili ya maonyesho makubwa ya Paris, mvinyo mwekundu bora wa Médoc na majirani zake ulipangwa katika madaraja matano kwa kufuata bei ya sokoni. Orodha ile yatumika hata leo, nayo imebadilishwa kidogo sana. Kuna na mvinyo mtamu wa Sauternes, ambao siri yake ni koga. Asubuhi za vuli ukungu hupanda kutoka katika kijito cha Ciron, koga huingia katika zabibu na kuzinyausha hata zibaki sukari tupu. Mkulima wa kwetu akiona koga hutupa tunda. Wao huchuma punje moja moja, wakirudi shambani mara nyingi, na kuiuza ghali.

Kutoka Bordeaux twende mashariki, Bourgogne, ambako mambo ni kinyume kabisa. Huko mchanganyiko ni nadra. Mwekundu kwa kawaida ni wa zabibu za Pinot Noir peke yake, mweupe kwa kawaida ni wa Chardonnay peke yake, na tofauti yote huachiwa udongo. Watawa wa Cîteaux, ambao nyumba yao ilianzishwa mwaka 1098, walilima miteremko hiyo kwa karne nyingi na kutambua kwamba mizabibu iliyo katikati ya mteremko huzaa mvinyo bora kuliko ile ya juu, penye baridi, na ile ya chini, penye maji yaliyotuama. Shamba lao kubwa, Clos de Vougeot, walilizungushia ukuta wa mawe. Yalipotokea Mapinduzi ya Ufaransa mali za kanisa zilitwaliwa na kuuzwa, na baadaye sheria za Napoleon za mwaka 1804 zikaamuru watoto warithi sawasawa. Kila kifo kikaligawa shamba. Leo ndani ya ukuta ule ule mna hekta hamsini hivi, na wenyewe wapata themanini. Mmoja ana mistari michache ya mizabibu, jirani yake mingine, na kila mmoja hutengeneza mvinyo wake wenye jina lile lile la shamba.

Nilipoeleza haya, mwenye nyumba aliyekuwa akisikiliza kimya alicheka. Yeye ni mtoto wa wakimbizi wa mwaka 1972. Alizaliwa katika makazi ya Ulyankulu, Tanzania, na Kiswahili chake ni cha huko. Familia yake ilirejea katika wimbi la mwaka 2008, ikakuta mashamba ya babu yamekwisha kupata wenyewe wengine, na baada ya maneno mengi mbele ya wazee na mbele ya serikali, wakagawana. Sehemu yake ina michikichi ambayo mtu aweza kuihesabu akiwa amesimama mahali pamoja. “Basi na mimi ni Mburgundi,” akasema. Mkewe akamjibu kwamba Mburgundi huuza chupa, naye huuza dumu, tena kwa bei aitakayo mchuuzi.

Hapo mama huyu aligusa kiini cha jambo. Mwenye mistari michache huko Bourgogne haponi kwa wingi wa mazao, kwa maana hana wingi. Huponea jina. Na jina lina faida kwa mwenye shamba dogo ikiwa tu kuna mtu wa kulilinda.

Namna ya kulilinda haikuletwa na mabwana wakubwa. Ilidaiwa na wakulima, na madai hayo yaliwaingiza askari katika majaribu makubwa. Kwa kuwa gazeti hili husomwa kambini na katika vituo vya polisi, nitakaa hapa kidogo.

Katika miaka ya 1860 mdudu mdogo mfano wa chawa, aliyetoka Marekani, aliingia katika mizizi ya mizabibu ya Ufaransa, na kwa miaka thelathini akaangamiza sehemu kubwa ya mashamba. Dawa iliyopatikana ilikuwa kupandikiza mizabibu ya Ufaransa juu ya mashina ya mizabibu ya Marekani, ambayo mizizi yake humvumilia mdudu huyo. Wenye migomba kandokando ya ziwa letu, ambao wameona mnyauko ukikausha shamba zima, wataelewa msiba ule. Lakini msiba wa pili ulitokana na wa kwanza. Mvinyo ulipoadimika, wafanyabiashara walijifunza kuutengeneza bila zabibu za kutosha: waliongeza maji na sukari, wakakamua makapi mara ya pili, wakachanganya na mvinyo uliotoka Algeria. Na mashamba yalipopona, mazoea hayo hayakuisha. Katika jimbo la Languedoc, kusini, ambako watu hawakuwa na zao jingine, bei ilianguka hata mkulima hakuweza kulipia pipa la kutilia mvinyo wake.

Mnamo tarehe 11 Machi 1907 mwenye duka la vinywaji wa kijiji cha Argeliers, jina lake Marcellin Albert, aliondoka na wenzake themanini na saba kwenda mjini kutoa malalamiko. Kila Jumapili umati uliongezeka. Tarehe 9 Juni, katika mji wa Montpellier, walikusanyika watu waliokadiriwa kufikia nusu milioni au zaidi. Serikali ya Georges Clemenceau ikapeleka majeshi. Tarehe 19 na 20 Juni, mjini Narbonne, askari walifyatua risasi na raia wakauawa.

Kikosi cha 17 cha askari wa miguu kilikuwa na vijana wengi waliozaliwa Béziers na vijiji vyake. Wakubwa, kwa kuhofia hilo, walikuwa wamekihamisha siku chache kabla kutoka Béziers kwenda Agde. Habari za Narbonne zilipofika, askari wapatao mia tano waliasi usiku ule, wakavunja ghala ya silaha, wakatembea kwa miguu hadi Béziers, wakaketi katika uwanja wa mji, wamegeuza vitako vya bunduki juu kuonyesha kwamba hawatampiga mtu. Wazazi wao waliwaletea chakula na mvinyo. Baada ya mazungumzo walirudi kambini, na kikosi kikapelekwa Gafsa, katika jangwa la Tunisia.

Siandiki haya kuusifu uasi. Askari aliyevunja ghala ya silaha amevunja kiapo, na kila asomaye gazeti hili ajua hivyo. Naandika kwa sababu yaonyesha jinsi neno lililochapwa juu ya pipa, likiwa la uongo, linavyoweza kumfikisha kijana mwenye sare mahali asipojua amwelekezee nani bunduki. Serikali nayo ilielewa. Tarehe 29 Juni mwaka ule ule, siku tisa tu baada ya usiku wa Agde, ilitungwa sheria dhidi ya kutia maji na sukari nyingi katika mvinyo, na ikaundwa idara ya kupambana na udanganyifu wa vyakula. Marcellin Albert hakufaidi ushindi. Alikwenda Paris kumwona Clemenceau, ambaye alimpa noti ya faranga mia moja kwa nauli ya kurudia nyumbani. Kisha habari ya noti ikatangazwa, wenzake wakamwona amenunuliwa, na akafa maskini. Mwanasiasa mzee alimshinda mwenye duka kwa karatasi moja.

Miaka minne baadaye moto uliwaka kaskazini, huko Champagne. Jimbo hilo ni la baridi, ardhi yake ni chaki nyeupe, na zabibu zake huwa chachu mno kwa mvinyo wa kawaida. Watu wake wakageuza upungufu kuwa sifa: mvinyo uliokwisha kuchachuka hutiwa chupani pamoja na sukari kidogo na hamira, ukachachuka mara ya pili chupa ikiwa imezibwa, na hewa isiyo na pa kutokea hugeuka kuwa mapovu. Nguvu iliyomo ndani yapita ile ya mpira wa gari. Ndiyo sababu chupa ni nene na kizibo kimefungwa kwa waya, na ndiyo sababu mtu anayefungua asimwelekeze mwenzake usoni, hata kama ni arusi. Mavuno ya 1910 yalikuwa mabaya sana. Wakulima wakaona mabehewa ya reli yakileta mvinyo kutoka majimbo mengine, nao ukiingia katika maghala ya wafanyabiashara ukatoka umekuwa Champagne. Mwezi wa Aprili 1911, katika mji mdogo wa Aÿ, nyumba na maghala ya watuhumiwa yalichomwa moto na mvinyo ukatiririka barabarani. Huko nako walipelekwa wanajeshi.

Mtu aliyepata njia ya utulivu alikuwa mwanasheria wa Châteauneuf-du-Pape, katika bonde la mto Rhône, aitwaye Baron Le Roy, ambaye alikuwa rubani wa kivita katika vita vya kwanza vya dunia. Mwaka 1923 aliwakusanya majirani zake wakajiwekea masharti wenyewe: mipaka ya ardhi, aina za mizabibu iliyoruhusiwa, namna ya kuikata, kiwango cha chini cha kileo, na lazima ya kutupa zabibu mbovu wakati wa mavuno. Mipaka waliichora kwa akili ya kijijini: ardhi kavu ya mawe, inayofaa mimea ya harufu kama mrujuani na zaatari na isiyofaa kitu kingine, hiyo ndiyo ya mzabibu. Tarehe 30 Julai 1935 masharti ya namna hiyo yakawa msingi wa sheria ya taifa zima, kwa juhudi za Baron huyo pamoja na seneta Joseph Capus. Tangu hapo neno Châteauneuf-du-Pape juu ya chupa ni kama cheo begani: huwezi kukivaa kwa kupenda. (Kijiji hicho hupenda amri. Mwaka 1954 mstahiki meya wake alipiga marufuku visahani virukavyo kutua katika mizabibu, na hata sasa hakuna kilichothubutu.)

Majimbo yaliyosalia nitayapitia kwa haraka. Alsace, mpakani mwa Ujerumani, ambayo ilikuwa chini ya Wajerumani toka 1871 hadi 1918, huweka mvinyo wake mweupe wenye harufu ya maua na matunda katika chupa ndefu nyembamba, na ni miongoni mwa majimbo machache yanayotaja aina ya mzabibu. Bonde la mto Loire ni refu na lina kila namna. Penye mlango wa mto hutoka Muscadet, mweupe, mkavu, mwepesi, ambao wenyeji hunywa na viumbe vya baharini. Huo ndio ungefaa mikeke wetu, ambao ndugu zetu wa Kigoma huwaita migebuka, hasa wakikamuliwa ndimu. Beaujolais hutengenezwa kwa zabibu za Gamay; mwepesi, hunywewa ungali mchanga, na ule wa kwanza huuzwa Alhamisi ya tatu ya Novemba. Mtawala mmoja wa Bourgogne aliipiga marufuku zabibu hiyo mwaka 1395, lakini imeishi muda mrefu kuliko utawala wake. Provence, kwenye pwani ya kusini yenye joto, yajulikana kwa mvinyo wa rangi ya waridi.

Mama mwenye nyumba aliuliza kama zabibu zaweza kuota Gatete. Zaweza kuota, lakini hewa yenye unyevu humletea mzabibu magonjwa ya ukungu, na kukosekana kwa majira ya baridi humnyima usingizi. Kwa majirani zetu wa Dodoma hali ni nyingine. Dodoma ni pakavu, pana kiangazi kirefu, na mapadre wa misheni ya Bihawana walipanda mizabibu huko katika miaka ya 1950. Kwa kuwa hakuna baridi kali ya kuulaza mzabibu, mkulima huulaza kwa kuupogoa, nao humpa mavuno mawili kwa mwaka, karibu na mwezi wa Machi na karibu na Agosti au Septemba. Makutupora kuna kituo cha utafiti wa zabibu, na jina Makutupora limekuwa jina la zabibu nyekundu yenyewe, kama ambavyo mji waweza kuwa jina la kinywaji. Ila wakulima wa Dodoma nao wamelalamika mara kwa mara kwamba zabibu zao hukosa mnunuzi wakati wa mavuno. Jina peke yake halijazi gunia.

Na sisi je? Vinywaji vyetu vina tofauti za mahali zisizo duni kuliko za Wafaransa. Urwarwa, ambao ndugu zetu wa Bukoba wana wa kwao na huuita rubisi, hutengenezwa kwa ndizi zilizovundikwa shimoni zikaiva, zikakamuliwa kwa majani, maji ya ndizi yakachujwa na kutiwa unga wa mtama uliokaangwa ili yachachuke. Insongo ni mzito zaidi, kwa kuwa hauzimuliwi sana kwa maji. Impeke ni wa mtama, hunywewa kwa mirija kutoka chungu kimoja. Kila mzee ana kilima anachokisifu kwa urwarwa wake, naye ataapa kwamba ndizi za kilima cha pili hazifai. Lakini hakuna karatasi yoyote inayosema hivyo. Anayetia maji mengi na anayetia machache huuza kwa bei moja, na mteja hugundua baada ya kulipa.

Kwa mawese hasara ni kubwa zaidi. Mafuta mazuri huanzia kwenye tunda. Likichumwa limeiva, lisipopondeka, na likichemshwa mapema, mafuta yake huwa mekundu, laini, yenye harufu nzuri, na hukaa muda mrefu. Tunda likilala siku nyingi kwenye lundo, tindikali huongezeka na mafuta huwasha koo. Mama huyu hupika matunda yake mapema, kabla lundo halijapata joto, na huengua mafuta mara mbili ili maji yaishe. Kazi hiyo ya ziada humgharimu kuni na usingizi. Mchuuzi afikapo na gari, humimina mafuta yake katika pipa moja na ya wengine wote, mazuri na mabaya, na mjini pipa zima huitwa Rumonge. Kwa hiyo hapati senti moja kwa ajili ya kuengua mara ya pili. Aliniambia waziwazi kwamba mwaka huu alifikiri kuacha.

Je, lipo jambo la kufanyika? Barani Afrika mfano upo. Pilipili ya Penja, inayolimwa katika ardhi ya volkano nchini Kamerun, ilisajiliwa mwaka 2013 kuwa jina la mahali linalolindwa na shirika la hakimiliki la nchi za Afrika zitumiazo Kifaransa, sawa na asali ya Oku ya nchi hiyo hiyo. Burundi si mwanachama wa shirika hilo, wala sidhani kwamba mama mmoja wa Gatete aweza kusajili kitu. Lakini Châteauneuf-du-Pape haikuanza kwa kusajili. Ilianza kwa majirani kukubaliana nani yumo, nani hayumo, na nini hakitiwi ndani. Wapikaji kumi wa mawese wenye masharti mamoja, wanaoweka mafuta yao mbali na pipa la mchuuzi na kuyauza moja kwa moja kwa mesi ya kikosi au kwa jumuiya ya wake wa askari, wangekuwa tayari wamefika pale alipofika Baron mwaka 1923. Mwenye nyumba alisema majirani watagombana juu ya nani mchafu. Mkewe alisema wanagombana hata sasa, bila faida.

Hatimaye chupa ilifunguliwa. Kwa kuwa hapakuwa na kifaa, kizibo kilisukumwa ndani kwa mpini wa mwiko. Nasikitika kutangaza kwamba ile miezi minane chini ya bati ilikuwa imefanya kazi yake: mvinyo ulikuwa na ladha ya tunda lililopikwa, na mwisho wake ulielekea siki. Basi na iwe faida kwa wasomaji: chupa yenye kizibo cha gome hulazwa ubavu, kizibo kisikauke, huwekwa mahali penye giza na baridi kuliko pote nyumbani, mathalani sakafuni chini ya kitanda, kamwe si karibu na bati wala jiko, na isiyokusudiwa kuhifadhiwa, ambayo ndiyo karibu zote ziuzwazo madukani mwetu, na inywewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Mama hakuumwaga. Aliuweka kando, na kesho yake akaulowekea nyama ya mbuzi pamoja na kitunguu na pilipili, akaipika polepole hata sehemu kubwa ya kileo ikatoka. Ilikuwa nzuri kuliko mvinyo.

Nilipoaga, alikuja na chupa ile ile imejaa mawese, mafuta ya kuenguliwa mara mbili, imezibwa kwa kipande cha gunzi. Karatasi ya Bordeaux ilikuwa imeloweshwa ikabanduliwa, na mahali pake mwanawe wa darasa la sita alikuwa amebandika kipande cha daftari kilichoandikwa kwa kalamu: Gatete.

“Niliitoa ile,” alisema, “nisije nikashitakiwa na Wafaransa.”